Leza kwenye rivolva ya mfukoni, au niuze ninunue yenye nukta?

MzeeWaAlief
Wakuu, habari zenu. Nina miaka 57, naishi Houston. Grinikadi ninayo na kibali cha Texas cha kubeba ninacho, ingawa tangu Septemba 2021 wengi hawahitaji tena. Nafunga duka saa sita usiku, siku nne kwa wiki, na fedha za mauzo natoka nazo mimi. Ninachobeba ni Smith & Wesson 642, rivolva ya risasi tano za .38, inakaa mfuko wa mbele wa suruali. Nimeizoea miaka sita.

Shida ni macho. Kilengeo cha mbele siku hizi nakiona kama ukungu. Nikivaa miwani ya kusomea nakiona vizuri, ila karatasi ya shabaha ndiyo inayopotea. Jumamosi nilipiga tano kutoka yadi 7, zikatapakaa kama mtu aliyemwaga maharage. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nafikiria nibaki na 642 niibadilishie mpini, niweke LG-405 ya Crimson Trace yenye leza nyekundu. Au niiuze, nichukue Glock 43 na kuifungia Streamlight TLR-6 chini, ambayo ina taa na leza pamoja. Au nirukie bastola ya SIG P365X yenye kioo cha nukta juu yake, kile kidogo unachochungulia ukaona nukta ya kulengea, kama vijana. Fedha zipo za jambo moja tu kati ya hayo. Nani anatumia nini?

FundiChuma
Mkuu, pole na maharage. Kabla ya kampuni na bei, jiulize leza itawashwaje. Watu wanabishana rangi wiki nzima, halafu siku ya siku kidole hakijui kitufe kiko wapi.

LG-405 ina kitufe mbele ya mpini, chini ya kidole cha kati. Ukishika bastola sawasawa, imewaka. Huna la kukumbuka. TLR-6 ina vitufe viwili, kimoja kila upande, mbele ya kinga ya triga. Lazima utake kuiwasha ndipo iwake. Kwa kijana anayefanya mazoezi kila wiki si neno. Kwa mtu anayetoka dukani saa sita usiku amechoka, mimi nachagua kinachowaka chenyewe mkononi. Na kama moyo wako uko kwenye Glock 43, Crimson Trace wana Laserguard yake, nayo inawashwa kwa kushika.

Jambo la pili: 642 haina reli ya kufungia kitu chini, na vilengeo vyake ni mfereji uliochimbwa juu ya fremu na kijiti kifupi cha mbele. Hapo mpini wa leza unakupa karibu kila kitu kinachowezekana. Jicho linabaki kwa mtu aliye mbele yako, huhangaiki na kilengeo usichokiona.

BintiPangani
Shikamoo mzee. Mimi niko Columbus, Ohio, nabeba P365X yenye kioo cha nukta cha Holosun 507K, na nitakwambia ukweli ambao muuza duka hakuniambia: nina astigmatizimu, yaani umbo la jicho linapotosha mwanga. Ile nukta nzuri ya mviringo kwenye picha za matangazo, mimi naiona kama nungu aliyetimua miiba. Kabla hujatoa hela, omba dukani uangalie kioo, kisha ipige nukta picha kwa simu. Kwenye picha ikitoka duara safi wakati jicho lako linaona miiba, tatizo ni jicho lako, kioo kizima. Mimi nilizunguka hilo kwa kuwasha duara kubwa badala ya nukta, kioo hicho kinaruhusu.

Vinginevyo nukta ni nzuri kwa macho ya miaka 50, maana unaangalia mbali kama na leza. Ila kuipata haraka ukichomoa bastola kunahitaji mazoezi. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa naitafuta kama funguo iliyoanguka gizani.

Kuhusu rangi: jicho la binadamu mchana linaona vizuri zaidi mwanga wa karibu nanomita 555, ambao ni kijani. Leza nyekundu nyingi ziko 635 hadi 650, kijani 520 hadi 532. Zote zinabanwa na kikomo kilekile cha miliwati 5, kwa hiyo kijani inaonekana kali zaidi kwa nguvu ileile. Jua la mchana nyekundu inakufa hatua chache tu. Lakini mzee umesema saa sita usiku. Huna haja ya kulipia kijani.

Omosh_Mpls
Naongeza kitu kutoka kwa baridi. Leza yangu ya kwanza ya kijani ilikuwa ile ya zamani ya nanomita 532, ambayo ndani yake mwanga wa infraredi unapitishwa kwenye kristali ndipo uwe kijani. Januari hapa Minnesota nilikuwa naiwasha inatoa mwanga wa kimulimuli, halafu inajitokeza baadaye kama mtu aliyeitwa kula. Siku hizi kuna diodi zinazotoa kijani moja kwa moja, hizo hazina mambo mengi. Kwa Houston hilo si shida yako, mzee. Shida yako ni jasho.

Dogo_Dallas
Hamjasema faida kubwa kuliko zote. Mwizi akiona nukta nyekundu kifuani anatimua mbio. Unamaliza kesi bila risasi.

FundiChuma
Dogo, hapo nakukatalia kabisa, na wala si kwa ubishi. Umeiweka leza kazini kama fimbo ya kutishia, na bastola yote iko nyuma yake. Sheria ya jinai ya Texas, kifungu 22.05, inasema ukimwelekezea mtu bunduki kwa kujua, uzembe na hatari vinachukuliwa kuwa vipo, hata kama uliamini haina risasi. Ukikosa sababu ya kisheria ya kuitoa, nukta yako nyekundu ndiyo itakayokupeleka kwa hakimu. Kingine, kumulika leza askari aliyevaa sare ni kosa kivyake, kifungu 42.13. Polisi anakuja kukusaidia, wewe nukta inacheza kwenye fulana yake!

Mwizi aliyelewa hata haioni. Usiku wenye ukungu au vumbi, mstari wote unaonekana, na mwisho wake mmoja uko mkononi mwako.

Dogo_Dallas
Nimekusoma, kaka. Sikuwahi kufikiria la askari.

MwanafunziTX
Samahani kuingilia, mimi niko kwa visa ya masomo. Naruhusiwa kununua?

FundiChuma
Kwa kawaida hapana. Sheria ya shirikisho, 18 U.S.C. 922(g)(5)(B), inawazuia walioingia kwa visa zisizo za uhamiaji, wakiwemo wanafunzi. Kuna mianya michache, kama leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Usiazime jina la rafiki yako kwenye fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia bunduki dukani, na usikubali bastola ya mtu "nikuwekee tu". Ongea na wakili wa uhamiaji kwanza. Grinikadi ni habari nyingine.

Muhindo_Louisville
Bandugu, mimi ni mtu wa Bukavu, Kiswahili changu mtakivumilia. Hakuna aliyegusa mfuko wa kubebea. Nilinunua mtandaoni leza ya bei poa, jina siweke, nikaifunga chini ya bastola. Holsta yangu ya zamani ikakataa, kwa sababu ile ya kydex, plastiki ngumu, inafinyangwa kwa umbo la bastola lilivyo. Nikapata nyingine ya kitambaa, inakubali kila kitu. Kumbe ilikuwa inabana kitufe. Asubuhi betri imekufa, nami nilitembea na leza inawaka ndani ya suruali siku nzima! Bibi yangu hajaacha kunicheka.

Ukienda njia ya Glock na TLR-6, weka fedha ya holsta mpya iliyotengenezwa kwa jozi hiyo. Mpini wa rivolva haugusi silinda wala mtutu, mara nyingi unabaki na mfuko uleule.

BintiPangani
Umeongea neno, kaka Muhindo. Na mzee, ukichukua mpini wa leza angalia kidole chako. Tundu la leza liko upande wa kulia, juu. Mtu wa mkono wa kulia akinyoosha kidole cha triga kando ya fremu, kama tulivyofundishwa, anaweza kuziba mwanga kabisa. Wengi wanadhani betri imeisha. Teremsha kidole kidogo.

FundiChuma
Na kupanga nukta usikuache kwa fundi wa duka. Leza iko pembeni na chini ya mtutu, tuseme sentimita 3. Ukizipanga zikutane yadi 10, basi yadi 5 risasi iko sentimita moja na nusu upande mmoja, na yadi 20 iko sentimita 3 upande wa pili. Kwa kazi yako hilo ni dogo. Hakikisha tu umeipanga kwa risasi zilezile unazobeba.

Halafu fyatua bila risasi nyumbani, silinda tupu, umekagua mara mbili, na ukuta wa nyuma uwe salama. Triga ya 642 inavutwa kwa karibu ratili 12. Nukta itakuonyesha mkono unavyoyumba kabla nyundo haijashuka. Inaudhi, lakini haidanganyi.

MzeeWaAlief
Wakuu nimerudi, wiki tatu baadaye. Nimeibakisha 642 nikanunua LG-405. Binti wa Pangani, kidole kweli kilikuwa kinaziba, ningeirudisha dukani bila ujumbe wako. Nyumbani nilishangaa: nukta ilikuwa inachora herufi Z ukutani kila nikivuta triga, tena inamalizia chini kushoto. Maharage yangu yalikuwa yanatoka huko, macho yalisingiziwa nusu. Jumamosi iliyopita, yadi 7, nne zimekaa ndani ya kiganja. Ya tano siizungumzii. Mwanangu hakucheka.

Mchana kwenye maegesho nukta nilipoteza hatua kama nane hivi, nimekubali. Kero moja tu: mpini huu umefunikwa mpira, unanata kwenye kitambaa cha mfuko, nikichomoa mfuko unatoka nao nje kama ulimi. Nani amewahi kutumia LG-105, ile ya plastiki ngumu? Inateleza?

Omosh_Mpls
Ninayo kwa ya wife. Inatoka bila shida, lakini haifuniki nyuma ya fremu, kwa hiyo teke lote unalisikia kwenye kiganja. Piga risasi ishirini nayo kwanza kabla hujabadilisha, ama ushone mfuko wa suruali kwa kitambaa kigumu. Mimi ningeanza na fundi cherehani, ni dola kumi.

MzeeWaAlief
Fundi cherehani yupo jirani yangu, ni Mkongo. Kesho nampelekea suruali tatu.