Nimeletewa blenda si ile niliyolipia, naweza kudai pesa yangu nikiwa Kitale?

mama_juisi: Habarini wadau. Wiki mbili zilizopita nilinunua blenda kwa duka moja la Instagram huko Nairobi, nikalipa 6,500 kwa Lipa na M-Pesa, mzigo ukaja na matatu, kufungua ni blenda ingine kabisa na jagi imepasuka. Kuwapigia wakasema nirudishe kwanza kwa gharama yangu, juzi wakanibloki. Hiyo ndio ilikuwa pesa ya biashara, imeniuma sana. Nauli ya kwenda Nairobi sina. Kuna njia ya kumaliza hii kitu kwa simu?

pwani_boy: Pole sana dada. Piga skrinshoti sasa hivi, tangazo, bei, chati zenu, zote, kabla hawajafuta. Na usisumbuke na 456, ile namba ya Safaricom ya kurudishiwa pesa ya M-Pesa, hiyo ni ya pesa iliyoenda namba isiyo yake, wewe uliwalipa ukijua ni wao.

karani254: Usikate tamaa, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza Milimani, Nairobi, 2021, inachukua madai hadi milioni 1, wakili si lazima, na sheria inataka kesi iishe kwa siku 60. Kufaili ni mtandaoni kwa efiling ya Mahakama, ada unalipa kwa simu, na vikao vingi vinaenda kwa vidio. Lakini anza na barua ya madai, wape siku 7, wengi hulipa hapo tu wakiona uko siriasi.

mama_juisi: Asante, sasa nitashtaki nani na mimi najua jina la Instagram tu? Na wamenibloki, barua itafikaje?

karani254: Fungua ile meseji ya M-Pesa ya siku hiyo. Jina la biashara liko hapo pamoja na namba ya muamala, anzia hapo, huwezi kushtaki peji. Watu wengi wanafuta hizo meseji na inanisikitisha kwa sababu ndio ushahidi wao mkubwa. Barua tuma kwa laini ingine na kwa imeili. Hata samansi, yaani hati ya kumuita kortini, tangu 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu itumwe kwa imeili au WhatsApp, kwa hivyo kukubloki hakumsaidii.

mama_juisi: Nimeipata! Jina ni tofauti kabisa na la Instagram. Naandika barua leo usiku watoto wakilala.