Bia gani ya kupika nyumbani inamfaa mtu asiyependa uchungu?

Mpishi wa Chumbageni:
Ndugu zangu, salaam. Huu ni mwaka wa pili napika bia nyumbani hapa Tanga, lita 10 kila mpiko, na wanywaji wangu ni marafiki wawili ambao bila hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hawaridhiki. Sasa yupo dada mmoja ambaye moyo wangu umemwelekea. Mwezi uliopita nilimmiminia glasi ya bia yangu. Alipiga funda moja, akakunja uso, akairudisha mezani kwa adabu na kuomba maji. Bia anakunywa, ila kidogo, na hupenda vitu vyenye harufu, kama chai ya mdalasini na maandazi ya iliki. Nimewaza kumpikia bia ya ngano ya Kijerumani, ile inayonukia ndizi na karafuu. Je, itafaa, ikiwa sina friji ya kuchachulia na chumba changu mchana hufika nyuzi 30?

Fundi Pipa:
Wazo ni zuri, lakini chumba chako hakikubaliani nalo. Katika bia hiyo hakuna ndizi wala karafuu. Harufu zote mbili hutoka kwenye hamira yenyewe, ambayo hupenda nyuzi 17 hadi 22. Ukiiachia nyuzi 30, ndizi itafunika kila kitu, na vileo vizito vitakavyozalishwa vitamchoma koo mgeni wako. Mimi ningepika bia nyeupe ya Kibelgiji, ambayo ilikuwa imekwisha kutoweka kijijini Hoegaarden kabla ya muuza maziwa wa hapo, Pierre Celis, kuifufua katika miaka ya 1960. Karibu nusu ya nafaka yake ni ngano isiyooteshwa, iliyobaki ni kimea cha shayiri, hopsi ni chache mno, na harufu yake hutokana na mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Sisi tulio jirani na Muheza tutashindwaje kupata machungwa? Kwa lita 10, gramu 6 za giligilani iliyopondwa zinatosha, nawe uzitie pamoja na maganda dakika tano kabla ya kuepua. Paruza ngozi ya juu tu, kwa sababu ile nyama nyeupe iliyo chini yake ndiyo inayoleta uchungu unaoukimbia.

Mzee wa Raskazone:
Naunga mkono, ila joto bado hujalitibu. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ivishe fulana iliyolowa, na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni. Kama hilo ni usumbufu, tafuta hamira ya mashambani ya Norway iitwayo kveik, ambayo huchachua vizuri hata kwenye nyuzi 35, na baadhi ya aina zake hunukia chungwa zenyewe.

Binti Ngamiani:
Nyote mmezungumzia ndoo, na mwenye kinywa hakuulizwa. Kaka, kabla ya kununua chochote, msagie giligilani kidogo mkononi umnusishe, kwani wako wanaoiona inanuka sabuni. Kileo kisizidi asilimia 5, na umpe bia ikiwa baridi, nusu glasi kwanza. Akikusifia, tulia, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Usipime sukari ya kwenye chupa, ile ya kuleta mapovu, kwa kukisia pia, maana gramu 6 au 7 kwa lita zinatosha, na chupa ikipasuka mbele ya mgeni hutapata nafasi ya kumweleza chochote.

Mpishi wa Chumbageni:
Ahsanteni sana. Jana nilimnusisha giligilani. Alisema inamkumbusha bizari ya pilau ya bibi yake, kisha akauliza ni nani atakayeparuza hayo machungwa. Atakuja Jumamosi na kisu chake. Hamira ya Norway sijaipata, hivyo beseni na fulana viko tayari.