Je, Kenya ijenge kinu cha nyuklia kabla ya sheria ya taka zake?

Mleta mada

Ndugu wadau, hoja ninayoileta ni kwamba Kenya isitoe kibali cha kujenga kinu chake cha kwanza cha nyuklia kabla Bunge halijapitisha sheria inayosema wazi nani atagharimia taka zake, zitawekwa wapi baada ya kinu kuzimwa, na jamii itakayozipokea ina haki gani ya kukataa. Mpango uliotangazwa ulikuwa wa megawati 1,000, umeme ukitarajiwa mwaka 2034. Kwanza palitajwa Uyombo, Kilifi, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako mwaka 2024 maandamano ya wakazi yaliishia katika makabiliano na polisi. Baadaye macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Swali la taka limehama pamoja na mradi, bila jibu.

Kinu cha ukubwa huo hutoa takribani tani 20 hadi 30 za urani iliyotumika kila mwaka. Urani hiyo hupozwa kwenye mabwawa kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamishiwa kwenye makasha ya chuma na zege, na plutoni iliyomo huchukua miaka 24,000 hivi kupungua nusu. Kituo cha taka za mionzi kilichopo Oloolua, karibu na Ngong, kimekusudiwa vifaa vya mionzi vilivyochakaa kutoka hospitalini na viwandani. Anayekitaja kuwa ndilo jibu anatupumbaza.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, kwa kanuni yako hata Finland, ambayo wenye msimamo kama wako huisifu sana, isingejenga chochote. Kinu chake cha kwanza, huko Loviisa, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1977, ilhali Bunge lake liliridhia mahali pa kuzika taka, Olkiluoto katika wilaya ya Eurajoki, mwaka 2001. Isitoshe, zipo nchi zinazomkabidhi muuzaji mzigo huu: mwaka 2017 Bangladesh ilitia saini mkataba na Urusi wa kurudisha huko urani itakayotumika katika mtambo wa Rooppur. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu tuliukataa, na mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni yake. Jotoardhi la Olkaria ni zuri, lakini viwanda tunavyovitaka vitahitaji zaidi ya hapo. Sharti lako linasikika kama tahadhari, ila matokeo yake ni kuahirisha mradi hadi wote waliouanzisha wastaafu.

Mleta mada

Nashukuru kwa kuitaja Loviisa, kwani nayo ilikuwa ikirudisha urani yake iliyotumika kwa Warusi, mpaka Finland ilipobadilisha sheria mwaka 1994 na kupiga marufuku kupeleka taka za nyuklia nje ya nchi. Usafirishaji huo ulikoma mwaka 1996. Ahadi ya muuzaji hudumu kadiri siasa za pande mbili zinavyoruhusu, na urani hii itamzidi umri kila waziri atakayeisaini.

Wala sidai shimo lichimbwe kwanza, nadai sheria. Sheria ya Finland ya mwaka 1987 iliwabana wenye vinu wachangie mfuko wa fedha za kushughulikia taka wakati bado wanauza umeme, na ikaipa halmashauri ya mahali uwezo wa kusema hapana. Ndiyo maana Eurajoki iliulizwa, na ikakubali. Marekani walifuata njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1982 iliahidi kwamba serikali ingeanza kupokea urani iliyotumika mwaka 1998; mwaka 1987 Bunge likauelekeza uchunguzi wote wa mahali pa kuizika Yucca Mountain, mlima ulio jimboni Nevada, na mwaka 2002 likalipiku pingamizi la jimbo hilo. Hakuna kasha hata moja lililozikwa humo, na hazina imelipa mabilioni ya dola za fidia kwa kampuni za umeme. Siaya ipewe haki ipi, ya Eurajoki au ya Nevada?

Mchangiaji wa pili

Kwangu mimi niliye Mwanza, haki ya kaunti moja haitoshi, hata ikiwa ya Eurajoki. Maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa, na Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria ya mwaka 2003 inazitaka nchi wanachama zijulishane mapema kuhusu miradi inayoweza kuliathiri bonde hilo. Kujulishwa, hata hivyo, si kuulizwa. Ikiwa sheria hiyo itaandikwa, naomba iwe na mambo mawili: urani iliyokwisha kupoa isikae ufukweni kupita muda utakaotajwa humo, na ripoti ya tathmini ya athari ijadiliwe hadharani Mwanza, Bukoba na Entebbe kama itakavyojadiliwa Bondo, huko Siaya, kabla ya kibali kutolewa.