Saa za kujitolea jikoni: bei yake tunaipataje kwenye ripoti ya mfadhili?

Mhazina wa Diakonia
Habari za kazi, wadau. Usharika una mpango wa chakula cha wazee kila Jumamosi. Jikoni wako akina mama 14, saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, na muuguzi mmoja anapima presha kwa muda wa saa mbili. Wote wanajitolea. Ruzuku ni ya serikali ya Marekani na mkataba unataka mchango wetu. Saa za kujitolea zinakubalika kama mchango huo. Bei ya saa tunaitoa wapi? Na zinaingia kwenye vitabu?

Karani wa Vitabu
Mkuu, thamini kazi, si mtu. Muuguzi akipima presha, hesabu kwa mshahara wa muuguzi. Akishika mwiko akakoroga uji, saa hizo ni za mpishi. Hapa ndipo ripoti nyingi hukatwa.

Kanuni za ruzuku hizo zinataka bei ileile mnayomlipa mwajiriwa wenu wa kazi kama hiyo. Kama hamna, bei ya soko la mahali penu. Sheria yetu ya kazi hapa Tanzania inaweka saa 45 kwa wiki. Zidisha kwa 4.333, yaani wastani wa wiki za mwezi, unapata kama saa 195 kwa mwezi. Tuseme mpishi kwenu analipwa shilingi 234,000 kwa mwezi: gawa kwa 195, ni 1,200 kwa saa. Ongeza sehemu ya mwajiri ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 10, inakuwa 1,320. Watu 14 × saa 6 × Jumamosi 4 ni saa 336, yaani 443,520 kwa mwezi. Hifadhi ushahidi wa huo mshahara wa 234,000, mkaguzi atauulizia.

Mama Daftari
Naomba niongeze, maana hesabu hiyo inawapunja akina mama. Maharage ya Jumamosi yanachambuliwa na kulowekwa Ijumaa jioni, nyumbani kwa mtu. Maji yanachotwa na kuni zinapasuliwa kabla ya hiyo saa 12. Masufuria yanasuguliwa wazee wakishaondoka. Saa hizo ni kazi kamili, ila hazionekani kwa sababu daftari linakaa mlangoni mwa jiko.

Weka mistari miwili kwa kila mtu: maandalizi na siku yenyewe. Safu ziwe tarehe, jina, kazi aliyofanya, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi yake na ya msimamizi. Lijazwe siku ileile. Daftari la mwezi mzima lililoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja halimshawishi mkaguzi, hata kama kila saa ni ya kweli.

Kwaya na maombi ya ufunguzi msiviweke. Ni ibada, na ruzuku hailipii ibada.

Mhazina wa Diakonia
Asanteni sana. Wapo wanaokataa kusaini, wanasema sadaka haiandikwi bei.

Mama Daftari
Wana haki ya kuona hivyo, wasishinikizwe. Waelezwe kwamba majina yanabaki kwenye daftari la ofisini. Ripoti inabeba jumla ya saa tu. Anayekataa bado, saa zake ziachwe. Asisainiwe na mwingine.

Karani wa Vitabu
Kuhusu vitabu: usiziingize kwenye daftari la fedha, salio la benki halitalingana. Tengeneza jedwali la pembeni. Mkitaka zionekane kwenye hesabu za mwaka, kiasi kilekile kiandikwe mapato na matumizi. Ila nchi hazifanani: Uingereza saa za kujitolea za kawaida haziingii kwenye hesabu, zinaelezwa kwa maneno tu, Marekani huingia zile za utaalamu ambao mngelazimika kuununua, kama za muuguzi wenu. Muulizeni mkaguzi kabla ya mwaka kufungwa.

Nauli mnayorudisha ni fedha taslimu, ina stakabadhi yake. Na saa zilizokwisha kupelekwa kwa mfadhili mmoja zipigeni muhuri, zisipelekwe kwa mwingine.