Mabango ya filamu za kutisha: kuyatunza, kuyaweka kwenye gitaa, kuyageuza muziki

Bundi_wa_Ngara
Wadau, nina mabango manane ya karatasi ya filamu za kutisha, ya miaka ya 70. Yote yamekunjwa, na mawili yamebandikwa selotepu kwa nyuma. Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica, ana mkusanyo wa mabango kama haya uliojaza ukumbi wa maonyesho wa Peabody Essex Museum kule Salem, Marekani, mwaka 2017, na anapiga gitaa za kampuni ya ESP zenye picha ya bango la filamu ya The Mummy ya 1932. Nataka kujua mambo matatu: nitayatunzaje haya yangu hapa Nairobi, gitaa la namna hiyo linatengenezwaje, na je, mabango yanaingia kwenye muziki kweli au ni mapambo tu?

Karatasi_Kuukuu
Kwanza, usipeleke kitu kulaminetiwa. Ile plastiki ya moto haitoki tena, na bango likishalaminetiwa thamani yake imekwisha. Selotepu nayo usiivute ikiwa kavu, itaondoka na wino. Kama gundi imeshageuka rangi ya chai, imezama ndani ya karatasi. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka.

Mabango ya enzi hiyo yalitumwa kwenye sinema yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo mikunjo si kasoro. Yanyooshe kwa uzito: karatasi isiyo na asidi juu na chini, ubao, vitabu, wiki mbili. Pasi hapana.

Kwenye fremu, fundi wengi huweka kadibodi ya kawaida nyuma. Ina asidi, na baada ya miaka michache bango hupata madoa ya kahawia. Dai ubao usio na asidi, akriliki inayozuia miale ya urujuanimno, na kijiti cha milimita 5 pembezoni ili karatasi isiguse akriliki. Ikigusa, unyevu wa mvua za Aprili utainatisha hapo. Shikiza bango kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu tu, ili lining'inie huru. Wanga, si unga: unga una protini, na wadudu wanaupenda.

Ukuta uwe wa ndani, usiopigwa na mvua kwa nje. Na jua la mji ulio juu ya mita 1,700 halina mchezo. Nyekundu na njano hutangulia kupauka.

NusuToni
Mabango yanaingia kwenye muziki, lakini si kila kitu. The Call of Ktulu, wimbo wa Metallica wa 1984, msiuweke kwenye hesabu ya mabango. Huo umetoka kwenye hadithi ya H.P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha. Mfano safi ni Maiden and the Monster, kipande ambacho Hammett alikitunga kwa ajili ya maonyesho yale, kisha kikatoka kwenye Portals, albamu yake fupi ya 2022. Ina vipande vinne, hakuna anayeimba. Ni muziki wa filamu isiyokuwepo.

Njia yenyewe ni ya zamani. Bendi ya Black Sabbath walichukua jina kwenye filamu ya kutisha ya mwongozaji Mario Bava ya 1963, na wimbo wao wa jina hilo umesimama juu ya sauti tatu: G, G ya juu, halafu C#. Umbali wa kutoka G hadi C# ni toni tatu nzima, na sikio halipati pa kutulia.

Jaribu hivi. Piga uzi mnene wa E wazi, uache ulie. Kisha freti (kijichuma cha shingoni) ya 6, yaani Bb. Halafu freti ya 1, na ushikilie hapo; usirudi E mpaka msikilizaji aanze kuitamani. Mapigo 60 hadi 70 kwa dakika. Wengi huharibu kwa kupandisha distoshoni (ule mkwaruzo wa sauti) hadi mwisho na kupiga E na Bb kwa pamoja: distoshoni huzaa sauti za ziada kutokana na hizo mbili, unabaki na mngurumo. Punguza, au uzipige moja baada ya nyingine.

Vanishi_Mbili
Kuhusu gitaa: skani bango kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi). Kwa bodi ya sentimita 33 kwa 45 unahitaji pikseli kama 3,900 kwa 5,300. Picha ya simu iliyokuzwa itaonekana ukungu.

Wachapishaji wa River Road watakutolea stika ya vinili. Iache saa 48 ipumue kabla ya vanishi, la sivyo kemikali za wino zitatoa mapovu. Sugua bodi kwa msasa wa 320, bandika kwa maji yenye sabuni kidogo, sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Pale shingo inapokaa, kata stika yote: unene mdogo tu hapo unainua shingo, na umbali kati ya nyuzi na shingo unabadilika. Kisha vanishi ya magari yenye kigumishi, tabaka nyembamba tano au sita. Tabaka nene la kwanza hukunjamanisha picha.

Bundi_wa_Ngara
Na nikibandika bango lenyewe badala ya nakala?

Karatasi_Kuukuu
Vanishi itapenya karatasi na kuifanya iangaze kama imelowa mafuta. Bango halisi la The Mummy liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 1997 kwa dola 453,500; hata Hammett anapiga gitaa lenye picha, karatasi inabaki kwenye fremu.