Naomba ushauri: Skagway na mama, treni kwenda na kurudi au treni na basi?

MjukuuWaReli
Hamjambo wakuu. Mwezi wa sita nampeleka mama Alaska kwa meli ya kitalii, tunaondokea Seattle. Mama ana miaka 71, pasi yake ya Kenya, yuko kwangu Minnesota kwa visa ya matembezi. Babake alikuwa mtu wa reli pale Voi, akalelewa kwenye nyumba za reli, na mpaka leo akisikia honi ya treni hunyamaza kwanza mpaka ipite. Siku meli itakapotia nanga Skagway, mji mdogo wa bandari huko Alaska, sitaki kukosea.

Naona safari mbili. Moja ni treni ya White Pass, reli ya zamani inayopanda milimani kutoka hapo Skagway, hadi kileleni na kurudi; huchukua karibu saa tatu, hushuki popote. Nyingine ni treni hadi Fraser, upande wa Kanada, kisha mnarudishwa na basi kwa barabara ya Klondike. Magoti ya mama yanamsumbua, na habari za kuvuka mpaka zinanitia wasiwasi. Mliofika, mlichagua ipi?

BaharaMstaafu
Treni na basi, bila kusita. Treni haikusubiri upige picha. Kuna daraja la chuma la mwaka 1901, liliachwa 1969, linaning'inia juu ya korongo hadi leo. Mimi nililiona kwa sekunde chache, simu bado naitoa mfukoni. Dereva wa basi yeye alisimama mara tatu, tukashuka, tukatazama maporomoko ng'ambo ya bonde na reli ileile tuliyopita, imechorwa ubavuni mwa mlima kama uzi. Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tumepita wapi.

Mkaa_Dirishani
Naomba nitofautiane na mwenzangu. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kupanda na kushuka basi mara tatu si mchezo. Kwenye treni anakaa, choo kimo ndani ya behewa, na kule juu kabla ya kurudi mnageuza migongo ya viti na kubadilishana pande, kwa hiyo kila mtu anapata kuliona bonde. Akitaka hewa kuna kibaraza mwishoni mwa behewa.

Halafu mwambie mama hivi, atafurahi: reli hiyo ilijengwa 1898 hadi 1900, wakati uleule reli yetu inasukumwa kutoka Mombasa kwenda Kisumu. Upana wake ni milimita 914, nyembamba hata kuliko ile ya mita moja aliyoihudumia babu. Inaanza usawa wa bahari na kufika mita 873 ndani ya kilomita 32 tu. Unasikia kabisa mashine inavyovuta.

ShangaziTacoma
Mwanangu, kwanza tumalize la karatasi. Meli za Alaska zinazoondokea Seattle hutia nanga bandari ya Kanada, mara nyingi Victoria, kwa sababu sheria ya Marekani ya 1886 hairuhusu meli ya kigeni kuzungusha abiria kati ya bandari za Marekani peke yake. Kwa hiyo mama anahitaji visa ya Kanada hata asipokanyaga Fraser. Kama bado hamjaomba, ombeni sasa, hilo ndilo la kukukosesha usingizi, si treni.

La pili, tazama visa yake ya Marekani ni ya kuingia mara nyingi. Akitoka Fraser kurudi Skagway ameingia mara moja, akitoka Victoria kurudi Seattle ameingia tena.

La tatu, pasi yenyewe mkononi, si nakala. Mimi niliiacha ndani ya sefu ya chumbani. Nikasimama pale gatini na koti langu jipya, wenzangu wakapanda, treni ikaondoka. Nililia.

MjukuuWaReli
Pole sana shangazi, na asante. Visa ya Kanada tunayo, ya Marekani nimeiangalia sasa hivi, ni ya kuingia mara nyingi. Nimepumua. Sasa limebaki la magoti.

BaharaMstaafu
Hakuna anayelazimishwa kushuka basi, anaweza kutazama akiwa kitini. Na uliza mapema, reli hiyo ina mabehewa yenye lifti ya kiti cha magurudumu, ila ni lazima waambiwe kabla.

Jambo jingine: Fraser saa zao ziko mbele ya Alaska kwa saa moja, na simu hujibadilisha yenyewe. Vaa saa ya mkono, iweke sawa na ya meli. Na ukikata tiketi kupitia meli, safari yao ikichelewa meli inawangoja. Ukijikatia nje, kuchelewa ni kwako.

Mkaa_Dirishani
Kama ni Fraser, basi kaeni upande wa kushoto mnapopanda, maana hapo hakuna kubadilishana pande. Mchukulie blanketi, huko juu hata mwezi wa sita kuna theluji. Mkipita korongo la Dead Horse Gulch mtasikia habari za farasi 3,000 waliokufa njiani enzi za kukimbilia dhahabu ya Klondike. Mimi mwenyewe nilinyamaza kitambo.

MjukuuWaReli
Tumeamua: treni kupanda, basi kushuka, tiketi kupitia meli, na lifti nimeshaiandikia. Nimemsomea mama uzi wote. Ameuliza swali moja tu: treni inavutwa na vichwa vingapi?

Mkaa_Dirishani
Vya dizeli, na mara nyingi zaidi ya kimoja. Ombeni behewa la nyuma, kwenye kona atavihesabu mwenyewe.