Glopu za kawaida, enaji seva au LED? Kesho naenda dukani

Mjenzi_Mpya: Wakuu habari za jioni. Fundi anataka kesho asubuhi nimpelekee taa 8 amalizie kazi. Madukani hapa Mwanga, Kigoma, nimeona glopu za kawaida bei chee, enaji seva zile za kujikunja, na LED. Muuzaji anazisifia zote. Nichukue zipi?

Fundi_Ujiji: Holda zako ni za pini au za skrubu? Vyumba vya nini? Taa hazinunuliwi kama nyanya, mkuu.

Kalamu_na_LUKU: LED, mjadala umefungwa. Glopu ya wati 60 inatoa mwanga karibu sawa na enaji seva ya wati 14 au LED ya wati 9. Washa taa 8 kwa saa 5 kila siku: glopu zinakula uniti 72 kwa mwezi, LED hazifiki 11. Kama uko matumizi madogo, yale ya bei nafuu yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, glopu zimekufikisha ukingoni kabla hujawasha redio.

Mama_Vifaranga: Msizitukane glopu jamani. Ndiyo, umeme wake mwingi unaishia kuwa joto, ila joto hilo ndilo linalonilelea vifaranga. Hiyo LED yako bandani itamkanda nani?

Mjenzi_Mpya: Mama, mimi sifugi 😂

Fundi_Ujiji: Na holda?

Dada_wa_Gungu: Enaji seva kaa nazo mbali. Zinachelewa kung'aa, halafu ndani zina zebaki. Ikipasuka unafungua madirisha, unatoa watoto, vipande unaviokota kwa karatasi ngumu. Kisa taa!

Mzee_Katonga: LED mnazisifia, ngoja niwape yangu. Nilinunua nne kwa mmachinga, boksi limeandikwa wati 18, mwanga wa kibatari. Mbili zikafa ndani ya mwezi. Ya sebuleni ikagoma kuzimika: swichi imezimwa, yenyewe inawaka kwa mbali kama kimulimuli, usiku kucha. Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia, akasema nyumba hii ina mtu, akaanza dua. Kwa aibu nikapanda stuli niitoe. Swichi nimezima kwa mkono wangu mwenyewe. Kugusa holda tu, nikajikuta kwenye kochi. Kumbe aliyefunga waya alipitisha swichi kwenye nyutro badala ya laini, ule waya unaoleta moto, kwa hiyo holda ilikuwa na moto muda wote.

Fundi_Ujiji: Pole mzee, lakini hapo LED umeionea. Umeme kidogo unaovuja kwenye waya unatosha kuifanya imulike. Glopu isingeonyesha kitu. Ilikuwa inakuambia.

Mzee_Katonga: Aliyeambiwa ni mgongo wangu.

Kibirizi_Usiku: LED zimefika hadi ziwani. Wavuvi wa dagaa waliozoea karabai sasa wanatoka na betri. Mimi bado naikumbuka karabai, ule mvumo wake ukitoka majini usiku usio na mwezi.

Dada_wa_Gungu: Mvumo hauna shida, shida moshi na mafuta ya taa. Mjenzi, ya nje chukua mwanga wa njano, kelvini 2700. Ile nyeupe ya 6500 msimu wa kumbikumbi utafagia mabawa hadi uchoke.

Kibirizi_Usiku: Unafagia? Sisi tunakaanga.

Mjenzi_Mpya: Nilisahau kusema, ni vyumba vya kupangisha. LUKU moja, yaani mita moja ya kulipia kabla kwa wote.

Kalamu_na_LUKU: Sasa ndiyo unasema!

Mama_Vifaranga: Weka glopu. Mpangaji akihama anang'oa taa, pazia, hata msumari wa kalenda. Uniti ananunua yeye, wewe inakuuma nini?

Kalamu_na_LUKU: Inamuuma, mama. LUKU moja ikiisha saa 4 usiku wanamgongea nani? Na mwenye pasi atasema ni taa za jirani.

Dada_wa_Gungu: Kila chumba na mita yake ndogo, yaishe.

Mzee_Katonga: Nayo mita ndogo nina kisa chake.

Mjenzi_Mpya: Fundi amenitumia picha. Holda tatu ni za pini, tano za skrubu.

Fundi_Ujiji: Huyo fundi umempata wapi?